Mfupa Ulikuwa na Njaa, Sisi Tukaukemea

Bwana asifiwe! Na ninyi mnaoangalia mguu wangu badala ya uso wangu, angalieni mtosheke. Ni huu wa kulia. Umepona.

Jumapili iliyopita nilipewa dakika tano za ushuhuda, na mchungaji akaniomba niongee kwa upole. Dakika tano ziliisha kabla sijafika mbali, na upole sikuwa nao hata kidogo. Ndiyo maana nimekaa nikaandika, ili anayetaka kusikia asome hadi mwisho na asiyetaka aache. Nina hasira, ndugu zangu. Sitawadanganya kwamba imeisha. Lakini najivunia kile Mungu amefanya kuliko ninavyokasirika, na mkisoma mtajua kwa nini.

Kwa wageni, mimi naitwa Mercy Nthenya. Nimeokoka. Kwetu ni Kitui, nimelelewa Kawangware, na nilipoolewa nikahamia Laini Saba, hapa Kibera. Mume wangu ni Wycliffe, Mluhya, fundi wa kuchomelea vyuma kando ya reli. Mtoto wetu anaitwa Imani. Na mimi ni mwanariadha. Sisemi mtu wa kukimbia asubuhi ili tumbo lipungue. Mwanariadha! Mbio za nyika. Tangu nikiwa shule ya upili nilikuwa nawaacha wasichana nyuma mpaka wanadhani nimekosea njia.

Lengo langu lilikuwa moja. Kuna timu moja, sitaitaja, ambayo kila mwaka inachagua wanawake sita kwa mbio za majaribio. Ukiingia sita bora umeajiriwa. Una mshahara, una matibabu ya mtoto, na unaamka unakimbia na hiyo ndiyo kazi yako. Kwa mtu wa kidato cha nne anayefulia watu nguo kule Kianda, elewa hiyo ni nini. Kabla nipate mimba nilijaribu nikamaliza wa tisa. Wa tisa! Nikajua nikirudi mara moja tu na miguu yangu mizima, nimeingia.

Sasa sikilizeni vile nilirudi.

Imani alikuwa na miezi mitano nilipofunga raba tena. Mazoezi yetu ni Kawangware, kwa uwanja wa shule. Kocha wetu ana mizani. Kila Jumamosi anatupanga mstari kama magunia ya viazi, tunapanda mmoja mmoja, na kilo zako anazisoma kwa sauti wote wasikie. Siku ya kwanza nilipopanda alicheka.

"Mercy, mtoto bado yuko ndani? Mwenye kukimbia ni mwepesi, mama. Punguza hiyo ugali."

Wasichana wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa sababu nilikuwa mjinga. Nikapunguza. Asubuhi ni chai ya rangi, ile strungi yetu, na mandazi moja. Mchana strungi tena, nikiwa nimeinama kwa karai la nguo za watu. Jioni nampikia Wycliffe ugali na omena, wale samaki wadogo wa ziwa, na mboga ya saga kando. Anakula anashiba, mtoto anapewa uji wake, na mimi nakwangua ukoko wa sufuria nikiteremsha na chai. Halafu Imani ananyonya. Halafu asubuhi niko barabarani. Kilo zikashuka, zikashuka, na Jumamosi moja kocha akazisoma, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema, "Huyu sasa ndiye mwanariadha." Mngeona nilivyofurahi siku hiyo mngenionea huruma.

Mguu ulianza na kitu kidogo. Ni hapa mbele, kwa muundi, huo mfupa wa kati ya goti na kifundo. Nikikimbia unauma, nikipumzika unaacha. Baadaye ukawa unauma hata nikitembea. Baadaye ukawa unauma nimeketi nikinyonyesha. Kulikuwa na mahali pamoja, upana wa kidole gumba, ukipabonyeza naruka. Nikaanza kuchechemea, na nikaanza kuficha kwamba nachechemea.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipofanya kosa ambalo ni sisi watu wa maombi tu tunaweza kulifanya. Sikujiuliza nimekula nini. Nilijiuliza nani amenifanyia. Kuna msichana tunakimbia naye ambaye siku moja alivaa raba zangu bila ruhusa, akazunguka uwanja, akazirudisha. Nikakumbuka hilo. Nikalishika. Msichana wa watu nikaacha kumsalimia kabisa, na ikiwa anasoma hii, dada, nisamehe. Hukuniroga, ulikuwa na miguu tu kama mimi.

Nikapeleka mguu wangu kwa waombezi.

Waombezi mnawajua. Ni akina mama wanaokutana Jumatano saa nane mchana hapa kanisani, na kiongozi wao ni Mama Silvia, anayeuza mitumba. Simtaji ili nimchafue. Mama huyu alinipokea nilipohamia Kibera sijui mtu. Nilipojifungua ndiye aliyekuja kunikanda mgongo na kunifulia nepi. Ananipenda, na ndiyo sababu nilimsikiza. Aliweka mkono juu ya muundi wangu akakemea mpaka sauti ikakauka. Kisha akaniambia, "Mwanangu, hili ni pepo la kukufunga miguu. Halitoki hivi hivi. Ni siku ishirini na moja, kavu."

Kavu maana yake mchana kutwa hata maji hayapiti kooni. Jioni unaruhusiwa chai ya rangi na kipande cha mkate. Tuliingia wanawake kumi na saba, kila mmoja na shida yake. Tukashikana mikono tukaweka agano: atakayekula kabla siku hazijatimia amemfungulia adui mlango, na si wake peke yake, ni wa wote kumi na saba. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Lakini Mercy si ananyonyesha?" Wanawake kumi na saba, wote tumezaa! Mimi mwenyewe sikusema. Nilitoka hapo najiona mtakatifu, nikichechemea.

Na mazoezi sikuacha. Niliona kuacha ni kumwambia Mungu simwamini. Kwa hiyo nilikuwa nafunga, nanyonyesha, nakimbia. Soma hiyo sentensi tena. Hata mimi nikiisoma nataka kumshika huyo Mercy mabega nimtingishe.

Siku ya tisa ilikuwa Jumatano, na asubuhi yake nilikuwa na tarehe ya kliniki ya mtoto kule Kawangware nilikozalia. Sikwenda kwa ajili yangu. Kupeleka mguu hospitalini kungekuwa kupungukiwa na imani. Nilimpeleka Imani kupimwa, basi. Akapimwa, na alikuwa hajaongeza kitu tangu mwezi uliotangulia.

Anayepima pale ni dada mmoja anaitwa Violet, mtaalamu wa lishe. Ni wa rika langu, na mdomo wake ni kama wangu, hauna breki. Aliangalia kadi ya mtoto, kisha akaniangalia mimi nikitoka kwenye mizani kwenda kuketi.

"Mguu umefanya nini?"

"Ni vita vya kiroho."

"Haya. Na jana ulikula nini?"

"Niko kwa mfungo."

"Na juzi?"

"Madam, si nimekwambia niko kwa mfungo. Leo ni siku ya tisa."

Akaweka kalamu chini. "Unanyonyesha, uko kwa mfungo siku ya tisa, na hizo raba ziko na matope ya leo. Unakimbia?"

Nikazificha raba chini ya kiti. Akaniuliza kabla ya mfungo nilikuwa nakula nini, nikamwambia. Akaniuliza kama hedhi imerudi tangu nizae, nikamwambia haijarudi. Akaandika, akaandika, kisha akauliza, "Mzee wako naye anakula nini kwa nyumba?"

"Ugali, omena, saga. Siku zingine maharagwe."

"Nani anapika?"

"Si ni mimi."

"Na wewe huli?"

"Omena mimi sili. Mimi ni Mkamba."

Akina mama wa kwenye benchi walicheka wakashika mbavu. Mmoja akasema, "Mwache, kwao samaki ni wa picha." Violet hakucheka.

"Siste," akasema, "huo mfupa unajua kabila?"

Ndugu zangu, swali hilo liliniingia kuliko mahubiri yoyote niliyosikia mwaka ule. Nilikuwa nimeosha omena kwa maji ya moto kila wiki, nimewatoa vichwa, nimewakaanga kwa kitunguu na nyanya mpaka jirani anauliza leo ni sikukuu gani. Kwa mkono wangu! Na nilikuwa nawapakulia mtu mwingine, nikibaki na ukoko, kwa sababu nyumbani kwetu tuliambiwa hicho ni chakula cha kuku.

Violet alinipeleka kwa daktari wa chumba cha pili. Daktari akabonyeza pale pa kidole gumba, nikaruka. Akaniambia nisimame kwa huo mguu mmoja nirukeruke. Niliruka mara moja tu, nikashika meza machozi yakitoka. Nikapigwa picha ya eksrei. Akaiinua kwenye mwanga akanionyesha: ufa mwembamba kama unywele, umekaa ndani ya mfupa wangu.

"Huu haujavunjika," akasema. "Umechoka. Ukiendelea hivi utakatika katikati ya mbio siku moja, na hapo tutaanza kuongea mambo ya vyuma na upasuaji. Kukimbia kwako kunaweza kuishia hapo. Ukipumzika miezi mitatu na ukila, mfupa unaweza kuunga."

Majaribio ya timu yalikuwa yamebaki miezi minane. Nikashikilia hiyo miezi minane kama mtu aliyeshika kamba.

Violet ndiye aliyenieleza vizuri. Alisema mfupa si jiwe. Kila siku unabomoka kidogo na kujengwa kidogo, na ukikimbia unabomoka zaidi, lakini hiyo si mbaya, kwa sababu ukijengwa tena unakuja na nguvu kuliko mwanzo. Sasa ujengwe na nini? "Wewe unampa mtoto maziwa," akaniambia, "na mwili wako unajinyima kabla ya kumnyima mtoto. Unatoa matofali kwa ukuta wako unamjengea yeye. Halafu kila asubuhi unaenda kuupiga huo ukuta wako teke kilomita kumi. Halafu jioni unaupa strungi. Mercy, huna pepo. Mfupa wako una njaa. Kula. Leo, si siku ya ishirini na moja."

Nilirudi Laini Saba na gongo moja la kutembelea nililopewa kliniki, na mtoto mgongoni, na nililia njia nzima, lakini msidhani ni huzuni. Ilikuwa hasira! Wiki na wiki nimekuwa nikiumia, na watu wote wamenigusa huo mguu, wameumwagia mafuta, wameupigia kelele, na hakuna mmoja aliyeniuliza nimekula nini.

Nyumbani kulikuwa na omena waliobaki na ugali. Nikapasha moto. Nikapakua. Nikashindwa. Niliwakumbuka wale kumi na sita. Tulikuwa tumeshikana mikono. Nikila hapa ndani nimefunga mlango, kisha saa nane niende niketi nao nikijifanya sijala, nitakuwa mnafiki, na mambo ya kula kwa kujificha mimi siyawezi. Na nisipokula, huo ufa uko pale unanisubiri. Nikachukua bakuli la plastiki lenye mfuniko, nikajaza ugali, omena na saga, nikajifunga mtoto, nikaenda kanisani.

Niliwakuta wameketi kwa duara. Mama Silvia akaona gongo.

"Adui anapigana kwa sababu anajua anashindwa!" akasema. Wote wakasema amina.

Nikabaki nimesimama. Nikasema, "Mama, wapendwa, nimetoka hospitalini. Mfupa umepata ufa kwa sababu sili. Nanyonyesha na sili. Naombeni mnitoe kwa agano, kwa sababu leo nakula."

Mama Silvia akasema taratibu, na hiyo ndiyo iliniuma, angefoka ningejua la kufanya. "Mercy. Umebakisha siku kumi na mbili tu. Unauza muujiza wako kwa sahani ya ugali?"

"Simuuzii mtu kitu, Mama. Nina njaa."

"Sisi wote tuna njaa! Ndiyo maana inaitwa mfungo!"

"Ninyi mna mifupa mizima."

Nikaketi, nikafungua bakuli.

Ndugu zangu, sikuwa nimefikiria harufu. Mnajua omena waliokaangwa vizuri vile wananukia, na hapo kuna wanawake kumi na sita ambao hawajakula tangu jana jioni, siku ya tisa. Harufu ilizunguka lile duara kama mgeni anayesalimia watu mmoja mmoja. Tumbo la mtu likanguruma, na lile kanisa la mabati halifichi kitu. Nyanya mmoja pale nyuma, mcha Mungu kabisa, akasema bila kufungua macho, "Uliweka dania?" Mwenzake akampiga kiwiko. Yeye akasema, "Nauliza tu."

Nikafinya tonge. Omena ya kwanza maishani mwangu niliimeza bila kutafuna, kwa woga. Ya pili nikaitafuna. Nilikuwa nangoja radi inipige, nawaambia ukweli. Ya tatu, ndugu zangu, nikasikia utamu! Nikajua kwa nini Wycliffe hunyamaza akila.

Mchungaji alitoka ofisini akiuliza nani amepika, akatukuta hivyo, wao wananiangalia, mimi nalia na kula. Mama Silvia akamwambia, "Mtumishi, huyu amevunja agano." Nikamwambia, "Mtumishi, yule nabii aliyechoka akajilaza chini ya mti akitaka kufa, malaika alipomjia hakumkemea pepo. Alimletea mkate. Akalala, akaamshwa, akaletewa tena." Nilisema hivyo na ugali uko shavuni. Mchungaji akamwangalia Imani mgongoni kwangu. Kisha akasema, "Mwacheni mama wa mtoto ale." Hakusema zaidi. Ningependa angesema zaidi, na nimemwambia hivyo usoni.

Kundi la waombezi lilinitoa. Wengine mliacha kunisalimia, na sitajifanya sikuona. Mlisema huo mguu hautapona kamwe, kwa sababu nimeufungia muujiza mlango. Nilichukua maneno hayo nikayaweka kando ya sufuria, nikaendelea kupika.

Maana nilipika! Asubuhi uji wa wimbi, mzito, na maziwa. Saa nne yai au ndizi. Mchana ndengu zetu za Kitui, au muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na maharagwe. Jioni ugali na omena na mboga ya kijani, na mara hii tulipakua sahani mbili zinazolingana. Wycliffe alipoziona sahani mbili siku ya kwanza alikaa akaziangalia.

"Mimi nilidhani hupendi chakula changu," akasema. "Kumbe ulikuwa unakonda mbele ya sufuria yako."

"Na wewe macho ulikuwa umeyaweka wapi?"

Tangu siku hiyo hagusi sahani yake kabla sijaketi na yangu, na sijawahi kumwomba.

Strungi sikuacha, ila Violet alinikataza kuinywa pamoja na chakula, kwa sababu inazuia damu isipate chuma kilicho kwenye mboga. Nanywa baadaye, peke yake. Niliketi juani na Imani kila asubuhi, maana jua nalo linasaidia mfupa. Sikukimbia. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote, ndugu zangu, kuliko hata mfungo. Nilikuwa nasikia wasichana wakipita na mazoezi yao, na mimi nachambua mawe kwenye ndengu.

Na nitasema hata aibu yangu. Wiki ya saba mguu uliacha kuuma, na nikajiona mjanja. Nikatupa gongo, nikavaa raba, nikakimbia kando ya reli hadi karibu na kituo. Kurudi nilirudi kwa boda. Ule uchungu ulikuwa pale pale, upana wa kidole gumba. Habari ikafika kwa waombezi kabla sijafika nyumbani. Mama Silvia akaja mlangoni, hakuingia, akasema, "Umeona?" akaenda. Nilikaa chini nikasema, labda wanasema kweli. Labda kweli nimeufunga mlango. Siku hiyo imani yangu ilikuwa na ufa mkubwa kuliko wa mfupa.

Violet aliponiona hakunihurumia. "Ulikula vizuri wiki saba, halafu ukaenda ukamwaga. Chakula kinajenga, lakini fundi hawezi kujenga ukuta na wewe unaendelea kuupiga teke. Rudi ukae." Nikarudi nikakaa. Niliomba kila siku, lakini maombi yangu yalikuwa yamebadilika. Sikuomba tena Mungu amfukuze mtu. Niliomba uvumilivu, na niliomba kabla ya kula, na kila chakula kikawa ibada.

Mwezi wa nne nikapigwa picha tena. Daktari akaiinua kwenye mwanga. Pale palipokuwa na unywele palikuwa na mfupa, umejaa, umenenepa kidogo pale pale palipopasuka. Halleluya! Imani naye alikuwa mzito mpaka mgongo unaniuma kumbeba.

Nilirudi Kawangware polepole, natembea na kukimbia, dakika kwa dakika kama nilivyoambiwa. Jumamosi ya kwanza kocha akaniita kwenye mizani.

"Mercy, kuja."

"Sipandi."

"Unasema?"

"Kocha, pima kwa saa. Mimi niache. Siku saa ikikwambia nimezidi uzito, nitapanda."

Nilizunguka uwanja, na saa ikasema ilichosema. Aliiangalia, akaitikisa kama imekufa, akaiangalia tena. Jumamosi iliyofuata wasichana wawili wengine walikataa kupanda. Mizani bado iko pale, lakini siku hizi anauliza kwanza, "Mmekula?" Ni mwanzo.

Siku ya majaribio ilifika. Nilikunywa uji wangu mapema, nikaenda. Kilomita za kwanza sikuwa nakimbia na wale wasichana, nilikuwa nakimbia na ufa. Kila nikikanyaga nangoja. Mteremko, nangoja. Mawe, nangoja. Kilomita ya mwisho kuna mlima, na hapo ndipo mwaka ule mwingine nguvu ziliniishia. Nikakanyaga kwa mguu wa kulia kwa nguvu zangu zote, makusudi, kama mtu anayegonga mlango. Ukajibu. Ukanisukuma! Nikapita mmoja, wawili, watatu, nikaacha kuhesabu, nikawa napiga kelele naita jina la Yesu hadi msimamizi akadhani nimeumia.

Nilimaliza wa nne. Wanatakiwa sita, mimi ni wa nne. Barua ya kazi Wycliffe ameibandika ukutani, na nimeanza.

Sasa mtaniuliza, kwani maombi hayakufanya kazi? Yalifanya! Niliomba uponyaji, na Mungu alijibu siku ya tisa kwa mdomo wa Violet. Ni mimi niliyekaribia kulikataa jibu kwa sababu linanuka samaki. Wala siandiki haya kupinga mfungo. Mwenye mwili mzima afunge, na mimi siku moja nitafunga tena. Na usiseme Mercy amesema omena ni dawa ya kila mguu. Mfupa ukikuuma, goti likivimba, nenda kwa daktari ujue ni nini. Lakini nakataa, na nitakataa nikiwa mzee, kumwambia mama anayenyonyesha, au mjamzito, au msichana mwenye mfupa uliochoka, kwamba njaa yake inampendeza Mungu. Njaa yangu haikumpendeza. Ilikuwa inanila mimi na mtoto.

Wiki jana Mama Silvia alikuja. Safari hii aliingia. Silvia wake ana mimba ya kwanza na anacheza mpira wa wavu, na magoti yanamsumbua. Mama hakuniomba msamaha, na sikumdai. Aliketi, akashika kikombe, akaangalia sakafu, mwishowe akasema, "Hiyo kliniki ya Kawangware wanaangalia na magoti?" Nikamwambia wanaangalia. Tulienda sote Alhamisi, yeye, mimi na Silvia, na njiani aliniuliza kama kweli zile siku ishirini na moja zingenivunja mfupa, akilia kidogo.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyeniumba na mifupa inayoweza kujengwa upya. Namshukuru kwa Violet, kwa daktari, kwa Wycliffe, kwa mchungaji aliyesema mwacheni ale. Na wewe unayesoma hii ukiwa umefunga meno kwa uchungu, ukiogopa kwamba ukienda kuulizia mwili wako utaonekana huna imani, nakwambia kama dada yako: mwamini Mungu kiasi cha kuuliza swali. Hatakukimbia. Mimi nilimfuata kwa njaa nikidhani ananitaka hivyo, nikamkuta amekwishapakua, ananingoja niketi.